Gundi Mahali pa Kuchomelea: Tathmini ya Bodi la Aluminiamu Lililotengenezwa Iyunga, Mbeya

Kwa miaka sita sasa nasafirisha parachichi na mboga kutoka Rungwe hadi Dar es Salaam kwa gari aina ya Canter lenye bodi la boksi la aluminiamu. Kwa muda wote huo kilichonisumbua zaidi si injini wala matairi, bali ni nyufa ndogo zilizoanzia kwenye matundu ya ribiti na kutambaa kidogo kidogo, hadi bati zima likawa linapigapiga njiani kama mlango usiofungwa. Mwezi Mei mwaka jana nililipeleka gari hilo katika karakana moja ya Iyunga, jijini Mbeya, ambako mabati ya ubavu wa kushoto na paa lote yaliunganishwa upya kwa gundi, ribiti zikabaki chache za kusaidia tu. Imepita miezi kumi na minne, gari limeshuka Kitonga likiwa na mzigo karibu kila wiki, na naona sasa ninacho cha kusema kuhusu kazi hiyo. Mwenye karakana ameniomba nisimtaje jina, kwa sababu ana mafundi watatu tu na hataki kupokea kazi asiyoweza kuisimamia mwenyewe, nami nimekubali.

Kwanza niseme kwa nini sikubadilisha boksi lote na kuweka la bati la chuma, kama nilivyoshauriwa na wengi. Aluminiamu ina uzito wa gramu 2.7 kwa kila sentimita ya ujazo, na chuma kina gramu 7.85 hivi. Mita moja ya mraba ya bati la milimita 2 ina kilo 5.4 ikiwa ni aluminiamu, na karibu kilo 15.7 ikiwa ni chuma. Ni kweli kwamba ugumu wa aluminiamu dhidi ya kupinda ni theluthi moja tu ya ule wa chuma, hivyo mara nyingi hulazimu kutumia bati nene zaidi au kuliwekea mbavu, lakini hata hapo boksi hubaki jepesi zaidi, na kwa mtu anayepita mizani kila safari, kilo inayotoka kwenye bodi ndiyo inayoingia kwenye kreti.

Tatizo la aluminiamu linaanza pale inapobidi kuunganisha kipande na kipande. Uso wake hujifunika wenyewe kwa utando mwembamba wa oksidi mara tu unapokutana na hewa, na utando huo huyeyuka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 2,000, wakati aluminiamu iliyo chini yake huyeyuka kwenye nyuzi 660. Fundi wa kuchomelea asiye na mashine inayofaa hujikuta ametoboa bati kabla oksidi haijaachia. Hata mwenye mashine nzuri hawezi kukwepa jambo la pili, nalo ni kwamba aloi nyingi za aluminiamu, yaani aluminiamu iliyochanganywa na metali nyingine, hupata nguvu zake kwa kupashwa joto kwa utaratibu maalumu kiwandani, na moto wa kuchomelea huziondolea sehemu ya nguvu hiyo pembeni mwa mshono. Bati langu la paa lilikuwa limechomelewa sehemu mbili kabla sijalipeleka Iyunga, na nyufa mpya zilipita sentimita moja tu kando ya mshono, pande zote mbili, kana kwamba mtu alipiga mstari kwa rula.

Ribiti nazo zina kasoro yake. Kila tundu linalotobolewa ni mahali ambapo mvuto hujikusanya, na gari linapotikisika siku nzima, ufa huanzia hapo. Barabara za vumbi za Mwakaleli na Busokelo, ambako ninapakia mzigo kabla ya kufika lami, hufanya kazi hiyo upesi. Mvua za Rungwe humalizia zilizobaki, kwa maana maji yakikaa kati ya bolti ya chuma na bati la aluminiamu, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Nilikuwa na ribiti ambazo ukizigusa kwa kidole zinazunguka, huku unga mweupe ukitoka chini ya kichwa chake.

Nisimalize habari ya uharibifu bila kueleza kwamba gundi yenyewe nilikwisha kuijaribu kabla, nikavunjika moyo. Gereji nyingine, ambayo sitaitaja, ilinibandikia kipande cha bati ubavuni kwa gundi ya sehemu mbili, asubuhi, na saa nane mchana nikaambiwa gari liko tayari. Kipande hicho kilibanduka kabla ya kufika Makambako. Nilikiokota, nikakitupa nyuma ya kiti, na kwa karibu mwaka mzima nilimwambia kila aliyeniuliza kwamba gundi ni kwa ajili ya viatu. Nilipofika Iyunga, fundi mkuu aliniuliza kama ninacho kile kipande. Alikigeuza mwangani, akanionesha kwamba upande mmoja gundi yote ilikuwa imebaki kama ilivyopakwa, ngumu na laini kama kioo, na alipokwenda kuangalia mahali kilipotoka kwenye gari hakukuwa na hata chembe ya gundi. Bati lilikuwa linang'aa. "Mama, gundi hii haikukatika," aliniambia, "haikushika tangu mwanzo. Ingekuwa imeshika, ingeacha alama pande zote mbili." Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nimwachie gari.

Hata hivyo sikuwa na imani kamili, na nilitumia siku chache kusoma kabla ya kulipa. Nilichokikuta kilinishangaza kwa jinsi kilivyo cha zamani. Gundi ya kuunganishia metali iitwayo Redux ilitengenezwa mwaka 1941 na Norman de Bruyne na wenzake huko Duxford, Uingereza, ikatumika kwenye ndege. Katika magari, mfano unaotajwa sana ni Lotus Elise iliyoanza kuuzwa mwaka 1996, ambayo chasisi yake imejengwa kwa vipande vya aluminiamu vilivyogandishwa kwa epoksi, gundi ngumu ya kuchanganya sehemu mbili, na chasisi nzima ina kilo 68. Jaguar XJ ya mwaka 2003 ilikuwa na bodi la aluminiamu lililounganishwa kwa gundi pamoja na ribiti zaidi ya 3,000 zinazojitobolea zenyewe, na Ford F-150 ya mwaka 2015, ambayo ni gari la kazi, ilihamia kwenye bodi la aloi ya aluminiamu lililounganishwa kwa gundi na ribiti, ikapunguza uzito kwa kiasi kinachofika kilo 318 hivi ukilinganisha na lile lililotangulia. Kwa hiyo mafundi wa Iyunga hawakuwa wanabuni jambo. Swali lililobaki lilikuwa kama kazi inayofanyika kiwandani kwa roboti inaweza kufanyika chini ya paa la bati, Mbeya, mwezi wa Mei.

Jibu langu ni kwamba inaweza, kwa sharti kwamba anayefanya awe na subira kuliko mteja wake. Fundi aliniambia tangu mwanzo kwamba gari litalala pale siku nne, na kama nina mzigo wa keshokutwa basi nitafute gari la kukodi. Siku ya kwanza nzima hakuna gundi iliyofunguliwa. Walitoa ribiti za zamani, wakakata sehemu zenye nyufa, wakaosha mafuta kwa asetoni na vitambaa vyeupe ambavyo kila kimoja kilitumika mara moja tu na kutupwa. Kisha wakapiga msasa, na hapa niliona jambo dogo lililonipa heshima kwao: msasa wa aluminiamu ulikuwa katika boksi lake, haukuchanganywa na ule unaotumika kwenye chuma, kwa sababu chembe za chuma zikibaki kwenye aluminiamu huanzisha kutu baadaye. Baada ya msasa walifuta tena kwa asetoni. Kufuta kwanza na kupiga msasa baadaye, halafu kufuta tena, ndio utaratibu sahihi. Anayepiga msasa kwanza huwa anayasugua mafuta yaingie ndani ya mikwaruzo.

Kilichofuata ni kipimo ambacho ningependa kila mwenye gari akijue, kwa kuwa hakihitaji chombo chochote. Kijana mmoja alichukua maji safi kwenye chupa yenye matundu kifunikoni, akayanyunyiza juu ya bati lililosimamishwa. Sehemu kubwa ya bati maji yalitandaa yakawa kama shuka moja nyembamba, hayakukatika. Upande wa juu kulia, mahali penye upana wa kiganja, yalijikusanya yakawa matone na kukimbia pembeni. Fundi mkuu hakusema neno, alionesha tu kwa kidole, na kijana akarudia kazi yote ya mahali pale: asetoni, msasa, asetoni. Maji yanakataa kukaa mahali penye mafuta, na gundi nayo itapakataa. Waliendelea hadi shuka lile la maji likafunika bati zima, wakalikausha, na kuanzia hapo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa kwa mkono mtupu. Gundi ilipakwa ndani ya saa chache, kabla oksidi mpya haijanenepa na vumbi la Iyunga halijatua.

Siku ya pili ilikuwa ya gundi zenyewe, na nasema gundi zenyewe kwa kuwa zilitumika mbili, jambo ambalo sikulitarajia. Mahali pa bati kwa bati, aluminiamu kwa aluminiamu, walitumia epoksi ngumu ya sehemu mbili inayotoka kwenye bomba pacha na kuchanganyikia ndani ya mrija wenye mapezi, na walitupa kipande cha mwanzo kinachotoka, kwa sababu mchanganyiko wake haujakaa sawa. Lakini mahali ambapo paa la aluminiamu linakalia fremu ya chuma, waliweka poliurethani nyeusi inayovutika kama mpira, kwa unene wa milimita 3. Niliuliza kwa nini wasitumie ile iliyo imara zaidi kila mahali. Maelezo yalikuwa haya. Aluminiamu hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma, sehemu 23 kwa 12 za milioni moja ya urefu wake kwa kila nyuzi moja, kama wahandisi wanavyopima. Paa langu lina urefu wa mita 4 na kidogo. Gari likitoka kwenye baridi ya Uyole alfajiri na kusimama juani Chalinze mchana, tofauti ya joto juu ya bati inaweza kufika nyuzi 40, na kwa hesabu hiyo paa litajaribu kurefuka kuliko fremu kwa karibu milimita 1.8. Gundi ngumu na nyembamba ikizuiliwa hapo itapasuka au italikunja bati. Gundi nene inayovutika inaliacha paa lipumue huku ikilishika. Nilikaa nikifikiri ni ribiti ngapi za paa langu zilizokatika kwa sababu hiyo tu, miaka yote nikilaumu barabara.

Kuhusu epoksi, unene wake ni kinyume. Hii hutakiwa kuwa nyembamba, karibu robo ya milimita, na ndani ya gundi waliyotumia kuna punje ndogo sana za kioo zinazozuia bati mbili kubanwa hadi gundi yote itoke. Fundi asiyejua hukaza vibanio kwa nguvu zake zote akidhani anaimarisha, kumbe anakamua gundi nje na kuacha mshono mkavu. Niliangalia jinsi walivyokaza: taratibu, kutoka katikati kwenda pembeni, hadi mstari mwembamba wa gundi ulipochungulia kwenye ukingo kwa usawa, bila kukatika, kuanzia juu hadi chini. Mahali ulipokatika walifungua na kuongeza. Mstari ule ndio ushahidi pekee wa macho kwamba ndani kumejaa.

Ribiti zilirudishwa pia, moja kila kona na nyingine kwenye miisho ya kila mshono, na sababu yake ni udhaifu mkubwa wa gundi ambao mteja anapaswa kuuelewa. Bati mbili zilizolalana zikivutwa kila moja upande wake, gundi nzuri ya epoksi huhimili mvuto wa niutoni 20 au zaidi kwa kila milimita ya mraba katika vipimo vya maabara. Mshono wenye upana wa milimita 25 na urefu wa sentimita 10 una milimita za mraba 2,500, na ukizidisha unapata niutoni 50,000, sawa na uzito wa tani tano. Hesabu hiyo si ya kuiamini yote njiani, kwa maana mvuto haugawanyiki sawasawa bali huelemea miisho ya mshono, na ndiyo maana kupanua mshono mara mbili hakukupi nguvu mara mbili. Lakini bati lile lile ukiliinua ukingo na kulibandua kama unavyomenya ganda la ndizi, litafuata mkono wako kwa nguvu ndogo mno. Ribiti ya mwishoni inazuia ukingo usiinuke. Hata Lotus waliweka skrubu kwenye maungio ya chasisi yao kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa nifike kwenye baridi, ambako ndiko huduma hii ilikaribia kuniangusha. Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Mei hadi Agosti usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10. Kiwandani bodi lenye gundi hupita kwenye tanuri la rangi, kwenye nyuzi 170 hadi 180, na kwa muda wa nusu saa hivi gundi imekuwa imara. Gundi ya karakana imetengenezwa igande yenyewe kwenye joto la chumba, lakini chumba kinachokusudiwa kwenye karatasi ya maelekezo ni cha nyuzi 20 na zaidi. Kwa makadirio ya kawaida kila nyuzi 10 zinapopungua muda wa kuganda huongezeka karibu mara mbili, na kwenye baridi kali kazi hiyo karibu husimama. Mafundi walijua. Walilifunika gari kwa turubai na kuweka taa kubwa za joto pande zote, na kila baada ya muda walipima joto la bati lenyewe kwa kipimo cha kuelekeza, kwa kuwa hewa inaweza kuwa na joto na bati likabaki baridi. Hilo nalisifu. Lakini taa zilikuwa nne na bodi lina pembe nyingi, na asubuhi ya siku ya tatu, kona ya chini nyuma, upande wa kushoto, gundi iliyochungulia ilikuwa bado inapokea alama ya kucha. Waliniambia wenyewe kabla sijauliza. Walihamishia taa huko, na siku nne zikawa tano. Nilipoteza mzigo mmoja, na nilikasirika siku ile, ingawa nikilinganisha na gereji ile iliyonipa gari saa nane mchana, najua ni nani aliyenitendea haki.

Kabla ya kukabidhiwa gari nilioneshwa vipande vitatu vya majaribio, vyembamba kama rula, vilivyogandishwa siku ile ile, kwa gundi ile ile, na kulala chini ya turubai lile lile. Fundi alibana kimoja kwenye jiliwa, akakivuta kwa koleo na kukipinda kwa nguvu hadi kikaachana. Bati lilipinda kwanza. Kilipoachana hatimaye, nyuso zote mbili zilikuwa na gundi iliyochanika, yenye rangi ya kijivu iliyofifia, hakuna mahali palipong'aa. Alinipa kimoja nikiweke kwenye gari, nami ninacho hadi leo, pamoja na kile kipande kilichobanduka Makambako.

Gharama ilikuwa hivi: epoksi mabomba mawili shilingi 280,000, poliurethani 210,000, mabati mapya mawili 600,000, na ufundi 480,000, jumla 1,570,000. Kuchomelea na kupiga ribiti upya kungenigharimu pungufu ya nusu ya hapo, kama nisingehitaji kununua mabati. Hata hivyo, kwa miaka mitano ya mwanzo nilikuwa nikipeleka boksi kwa fundi kila baada ya miezi mitatu au minne, na tangu Mei ile nimekwenda mara moja tu, kwa kasoro nitakayoieleza sasa hivi. Ndani ya boksi hakujalowa. Kreti za juu, ambazo zamani zilifika Dar es Salaam na ukungu kwenye vikonyo kila msimu wa mvua, hufika kavu. Kelele pia imepungua kwa namna ambayo dereva wangu aliigundua kabla yangu, kwa sababu mshono wa gundi hushika bati urefu wote, halipati nafasi ya kutetemeka kati ya ribiti na ribiti.

Kasoro yenyewe ilitokea mwezi wa tano baada ya kazi. Kibati kidogo cha kuzuia maji juu ya mlango wa nyuma, ambacho hakikuwekewa ribiti kwa kuwa kilionekana hakina kazi kubwa, kilianza kuinuka ukingo mmoja. Wapakiaji walikuwa wakikishika kama mpini wanapopanda. Ni ule ule udhaifu wa kubanduliwa, na nadhani karakana ilipaswa kuuona mapema, kwa sababu kila anayejua magari ya mzigo anajua watu hushika wapi. Walikirekebisha bila malipo, wakaweka ribiti mbili. Jambo jingine ambalo sikuridhika nalo ni kumbukumbu. Nilipoomba niandikiwe namba ya toleo la gundi na tarehe yake ya mwisho wa matumizi, niliandikiwa kwa kalamu nyuma ya risiti, na ilibidi niombe mara mbili. Gundi hizi huzeeka zikiwa dukani, hasa zikisafiri juani kutoka Dar es Salaam, na mteja anayelipa kiasi hiki anastahili karatasi yenye mambo hayo bila kuomba. Aidha, siku ya pili kijana mmoja alikuwa akishika epoksi bila glavu. Gundi hii kabla haijaganda inaweza kumletea mtu mzio wa ngozi usioisha, hadi akashindwa kabisa kufanya kazi hiyo. Nilimwambia, na fundi mkuu akamkemea mbele yangu, lakini glavu zilikuwa zimefungiwa kabatini. Ziwe mezani.

Nani apeleke gari lake huko? Mwenye boksi la aluminiamu, tangi dogo la maji, au mabati ya kabini ya aluminiamu, namshauri aende bila kusita, ilimradi anaweza kuliacha gari siku zinazohitajika. Mwenye chasisi iliyopasuka asiende kuomba gundi, na kwa kweli watamkatalia, kama walivyomkatalia mtu mmoja nikiwa pale. Na mwenye gari dogo la kisasa ambalo limegandishwa kiwandani na limepata ajali anapaswa kujua kwamba mtengenezaji wa gari huelekeza aina ya gundi na mahali pa kukatia, na fundi akichomelea karibu na mshono wa gundi ataiunguza bila kuiona, gari likaonekana zima huku limepoteza nguvu zake ndani. Kwa sababu hiyo hiyo nimeandika kwa rangi nyekundu ndani ya mlango wa boksi langu: USICHOMELEE HAPA. Siku moja fundi wa bawaba kule Mafinga alikuwa tayari ameshawasha mashine, dereva akamwonesha maandishi.

Ubavu wa kulia bado una ribiti za zamani, na nyufa mbili zimeanza karibu na gurudumu la nyuma. Wiki iliyopita nilikwenda Iyunga kuomba nafasi. Fundi mkuu alifungua daftari lake, akapita kurasa za Julai na Agosti bila kuziangalia, akaniandikia Oktoba, bati likiwa na joto.